Lenzi ya Kusomea Kanji na Tumbawe la Binamu Yangu

Haya jamani, leo tuweke programu kando kidogo. Binamu yangu wa Mombasa alinipigia simu juzi akiwa na wasiwasi. Tumbawe lake la Acropora lilikuwa likitoka madoa meupe na yeye haoni mdudu wala ugonjwa. "Wewe si una kamera? Njoo uniangalizie." Kamera ninayo, ila lenzi ya makro sikuwa nayo. Nikaanza kusaka, na kama kawaida yangu nikajikuta nasoma historia badala ya bei.

Lenzi ya kwanza ya makro kwa kamera za filamu ya mm 35 zenye kioo cha ndani ilitoka mwaka 1955: Makro-Kilar ya mm 40, kazi ya Heinz Kilfitt. Kabla ya hapo, ulilazimika kufunga pete au mvukuto kati ya kamera na lenzi ya kawaida.

Mwaka 1956 Nippon Kogaku, ambayo leo ndiyo Nikon, ikatoa Micro-Nikkor ya sm 5. Hii haikubuniwa kwa ajili ya maua wala vipepeo. Kazi yake ilikuwa kunakili hati za Kijapani kwenye filamu ndogo. Herufi zetu za Kilatini ni nyepesi, lakini kanji moja yaweza kuwa na mistari zaidi ya 20, na ukiipunguza mno mistari hugandana. Zenji Wakimoto akabuni lenzi kali ya kazi hiyo, na hadi leo Nikon huziita lenzi zake za makro "Micro".

Sasa ndugu msomaji, hapo ndipo nilipozinduka. Karatasi hulala mezani, unaisogelea utakavyo. Tumbawe liko nyuma ya kioo. Lenzi ya mm 60 niliyoitamani kwa bei yake, ukipiga 1:1, hubakiza kama sm 7 tu mbele yake. Tumbawe la binamu liko sm 12 ndani ya maji. Hata nuru ikipinda na kulifanya lionekane liko sm 9, bado hulifikii.

Waliofuata walirefusha lenzi. Tamron ilitoa ya mm 90 mwaka 1979, na Canon EF ya mm 100 ya mwaka 1990 ikafika 1:1 bila kuongezewa kitu. Hizi za mm 100 hubakiza kama sm 15. Nikanunua moja ya mtumba.

Kule Mombasa tulizima pampu, maji yakatulia. Nikaelekeza lenzi wima kabisa kwenye kioo, maana ukiinamisha picha hufifia. Sensa ya kamera yangu ina upana wa mm 24 na pikseli 6000, kwa hiyo kwa 1:1 kila milimita hupata pikseli 250. Tulipoikuza picha kwenye tarakilishi, tukayaona: mayai ya kahawia ya minyoo bapa, yamebanwa pale shinani.

Dawa ya kuchovya huua minyoo, si mayai. Binamu akayakwangua moja moja, akakata sehemu iliyokufa. Vipande viwili vimepona.

Kwa hivyo kabla ya kununua, chukua rula kwanza. Pima kutoka kioo hadi tumbawe, kisha ndipo uulize bei.