Farasi Wanaopotea Endebess: Historia ya Kupima Injini

Kati ya Januari na Machi, kabla mvua kubwa haijaanza, matrekta ya Endebess, katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, hayalali. Mwenye shamba anauliza bei ya kulima ekari, mwenye trekta anaitaja na kuongeza sifa za mashine yake: hii ni ya farasi 75, ile ya 90. Namba hiyo ndiyo inayouza kazi. Lakini haikupatikana Endebess wala mahali panapofanana na Endebess. Ilipimwa mbali, mara nyingi karibu na usawa wa bahari, na pale mwinuko ulipoingilia vipimo, wahandisi waliusawazisha kwa hesabu.

Aliyeeneza desturi ya kuuza mashine kwa kutaja farasi ni James Watt wa Scotland, katika karne ya 18. Wateja wake walikuwa watu waliozoea kutumia farasi viwandani, naye alitaka wajue injini yake ya mvuke ingechukua nafasi ya wanyama wangapi. Alikadiria kwamba farasi mmoja huinua ratili 33,000 kwa futi moja kila dakika. Kwa vipimo vya leo hiyo ni takriban wati 746.

Kukadiria ni jambo moja, kupima ni jingine. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alibuni breki ya kupimia. Vipande vya mbao vilibanwa kwa skrubu kuzunguka shafti, vikaunganishwa na mkono mrefu wenye uzani mwishoni. Mashine ikizunguka, mbao hukwaruza na mkono hutaka kuinuka. Fundi huongeza uzani hadi mkono utulie. Zidisha uzani kwa urefu wa mkono, kisha kwa kasi ya mizunguko, na nguvu halisi ya injini inajitokeza. Vifaa vya leo vinatumia maji au umeme badala ya mbao, lakini hesabu ni ileile.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: katika joto lote la mafuta yanayochomwa, ni kiasi gani kinageuka kazi? Mwaka 1824 Sadi Carnot, Mfaransa mwingine, alionyesha kwamba hakuna injini itakayogeuza joto lote kuwa kazi. Kuna kikomo kinachotegemea tofauti kati ya joto kali na joto la chini. Rudolf Diesel aliisoma nadharia hiyo na kutafuta injini itakayokikaribia kikomo. Tarehe 17 Februari 1897, mjini Augsburg, Ujerumani, Profesa Moritz Schröter aliipima injini yake. Ilichoma gramu 324 za mafuta kwa kila kilowati-saa, yaani ufanisi wa asilimia 26.2. Injini nyingi za mvuke za wakati huo hazikufika hata nusu ya hapo.

Ilibaki kumlinda mnunuzi, na aliyeanzisha hilo alikuwa mkulima. Wilmot Crozier wa Nebraska, Marekani, alinunua matrekta yasiyofanya kazi kama yalivyotangazwa. Alipoingia katika bunge la jimbo alisaidia kupitisha sheria ya 1919: hakuna aina ya trekta itakayouzwa Nebraska kabla ya kupimwa na chuo kikuu mjini Lincoln. Majaribio yalianza 1920 kwa trekta ya Waterloo Boy, na taarifa zake zilionyesha nguvu pamoja na kazi iliyofanywa kwa kila galoni ya mafuta. Huku kwetu Afrika Mashariki, kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoundwa 1981, ndicho kilichokabidhiwa upimaji wa zana za kilimo nchini Tanzania.

Trans Nzoia nayo ilikuwa na safari yake ya kuelekea kwenye trekta. Walowezi walilima kwa maksai, reli ikafika Kitale 1926, na matrekta yakachukua mashamba makubwa hatua kwa hatua. Baada ya uhuru, shirika la maendeleo ya kilimo, ADC, lililoanzishwa 1965, lilishika baadhi ya mashamba hayo, yakiwemo ya Endebess. Mashine zilikuja na vitabu vyake, na vitabu vikaja na namba za Ulaya na Marekani.

Namba hizo zina siri. Nebraska ilikuwa ikizirekebisha ili zilingane na hewa ya usawa wa bahari. Kanuni ya Marekani iitwayo SAE J1349 nayo hurekebisha matokeo hadi mgandamizo wa hewa wa kilopaskali 99 na joto la nyuzi 25. Endebess, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, mgandamizo huo ni karibu kilopaskali 80. Silinda inavuta ujazo uleule, lakini hewa iliyomo imepungua kwa karibu moja ya tano.

Kwa injini isiyo na tabo, yaani feni ya kuongezea hewa, mafundi hukata asilimia 3 kwa kila futi 1,000. Kwa kipimo hicho trekta ya farasi 75 inabaki na takriban 61 ikifika Endebess. Injini hiyohiyo ikishushwa Bungoma mjini, kwenye mita kama 1,400, inarudishiwa farasi watatu au wanne. Tena pampu iliyopangwa kwa hewa ya bondeni inaendelea kumwaga dizeli ileile. Hewa haitoshi kuiunguza, na moshi mweusi unaoonekana juu ya mitaro ni fedha ya mwenye trekta.

Dawa yake ilithibitishwa mlimani. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza mwaka 1905 ya kutumia moshi wa injini kuzungusha feni inayosukuma hewa ndani ya silinda. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege, Liberty, hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado. Injini iliyotoa farasi 350 bondeni ilitoa 230 kileleni. Ilipofungwa tabo ilitoa 356. Pikes Peak ina mita 4,302, na Wagagai, kilele cha Mlima Elgon kilicho upande wa Uganda, ina 4,321. Kwa maneno mengine, jaribio la Moss lilifanywa kwenye kimo cha mlima unaoitazama Endebess.

Mkulima wa hapa tayari anaishi na hesabu za mwinuko. Anajua mbegu za mahindi za mfululizo wa 600, ulioanza na H611 ya mwaka 1964, ni za nyanda za juu, na hawezi kupanda Pwani Hybrid kwa kuwa tu maandishi ya pakiti yanavutia. Trekta nayo inastahili kuulizwa vivyo hivyo.

Hesabu yenyewe haihitaji maabara. Lita moja ya dizeli ina takriban megajuli 36, hivyo lita 10 kwa saa ni kilowati 100 za joto. Shafti ya nyuma, inayozungusha mashine ya kupukuchua mahindi, ikitoa kilowati 30, yaani farasi 40, ufanisi ni asilimia 30. Zilizobaki zimeishia kwenye rejeta, bomba la moshi na msuguano. Asiye na kifaa cha kupima nguvu ajaze tangi hadi mdomoni, alime ekari zilizopimwa kwa kamba, ajaze tena na kugawanya lita kwa ekari. Afanye hivyo kabla na baada ya kusafisha kichujio cha hewa au kurekebisha pampu. Mwenye shamba akilinganisha matrekta mawili kwenye udongo mmoja, kwa kina kimoja cha jembe, lita kwa ekari zitamweleza zaidi kuliko farasi walioandikwa kwenye boneti.