Minara ya Simu na Wenye Hisa Wake

Mtu atakaye kuandika historia ya simu katika Afrika ya Mashariki hana budi kuanza na jambo ambalo wanafunzi wengi wa leo hawalijui, ya kwamba palikuwa na wakati ambapo simu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967 uliweka makao makuu ya Shirika la Posta na Simu mjini Kampala, kama ulivyoweka ya Bandari mjini Dar es Salaam na ya Reli mjini Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila serikali ilijitwalia waya zake na mitambo yake, na simu ya kutoka Mwanza kwenda Kisumu ikawa simu ya nchi ya kigeni. Ikapita miaka 29. Hata mwezi wa Septemba 2006, mwenye kadi ya Celtel aliyetoka Kisumu aliweza kufika Mwanza, akanunua vocha dukani kama mwenyeji, akapiga simu kwa bei ya wenyeji, wala asitozwe kitu kwa kupigiwa. Mpaka uliowekwa na serikali ulikuwa umeondolewa na kampuni. Yafaa basi tuulize: kampuni hiyo ilikuwa mali ya nani?

Mwanzo wake ni Mohamed Ibrahim, Msudani wa asili ya Kinubi aliyezaliwa mwaka 1946, ambaye alisoma Misri na Uingereza akawa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, mojawapo ya kampuni mbili za kwanza za simu za mkononi katika Uingereza. Mwaka 1989 aliacha kazi akaanzisha kampuni ya ushauri wa ufundi iliyoitwa MSI. Kazi yake ilikuwa kuwapangia wengine minara yao. Simu isiyo na waya huigawa nchi katika vijieneo, kila kimoja na mnara wake, na masafa yaliyotumika hapa hutumika tena kule mbali kidogo. Kwa hiyo faida au hasara yote hutegemea mnara umesimikwa wapi. Mwaka 1998 Ibrahim aliunda kampuni ya pili kwa ajili ya kumiliki mitandao yenyewe katika Afrika, ambayo baadaye ilichukua jina la Celtel.

Mabenki ya Ulaya hayakutaka kuikopesha. Waliiona Afrika kuwa ni nchi ya vita na rushwa, wakafunga mikoba yao. Ibrahim akalazimika kujenga kwa fedha za hisa zaidi kuliko kwa fedha za mkopo, na jambo hili, ambalo waandishi wengi hulipita haraka, mimi naliona kuwa ndilo ufunguo wa habari yote. Mkopeshaji hulipwa riba yake kila mwaka, akaridhika. Mwenye hisa katika kampuni changa inayotumia kila senti kusimika minara hapati kitu mpaka siku hisa yake inaponunuliwa na mwingine. Basi waliotoa fedha zao mwaka 1998 walikuwa wamekwisha kuingojea siku ya kuuza kabla mnara wa kwanza haujasimama. Tusishangae, kwa hiyo, kuwa kampuni hii iliuzwa. Tuchunguze iliuzwa ikiwa na nini ndani yake.

Katika Tanzania ilikuwa na jambo zito. Mwezi wa Februari 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za Kampuni ya Simu, yaani TTCL, kwa ushirika wa MSI na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Zililipwa milioni 60. Nusu ya pili ikazuiliwa na ugomvi juu ya hesabu za kampuni. Mwaka huohuo Celtel Tanzania ilianza kazi, nayo ikiwa mtoto wa TTCL. Mwaka 2005 mtoto alitengwa na mzazi wake: serikali ikabaki na asilimia 40 katika Celtel Tanzania, na mbia wake akawa na asilimia 60. Kwa maneno mengine, sehemu iliyokuwa ikikua ilikatwa kutoka katika sehemu iliyokuwa ikizeeka. Waya na madeni yakabaki kwa mzazi.

Mwaka huohuo wa 2005 Celtel ilikuwa ikijitayarisha kuuza hisa zake katika soko la London, ndipo kampuni ya MTC ya Kuwait ilipojitokeza na dola bilioni 3.4. Celtel ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 5 katika nchi 13. Tukigawanya, kila mteja alinunuliwa kwa dola 600 na ushei, fedha ambayo wengi wao hawakuipata kwa mwaka mzima wa kazi. Haikuwa bei ya vocha walizokwisha kununua, bali ya vocha zilizotazamiwa, na za majirani zao wasio na simu bado. Hivi ndivyo wenye mitaji wanenavyo: hawaulizi mnara wagharimu nini, huuliza mnara wafikia watu wangapi, na kila mmoja ataleta kiasi gani kwa mwezi. Hesabu hiyo ina udhaifu ambao muuza vocha yeyote wa Kariakoo angeweza kuwaeleza, kwamba mtu mmoja huweka kadi mbili au tatu mfukoni, akahesabiwa kwa kila kampuni kama mtu kamili.

Ule mtandao mmoja wa mwaka 2006, ambao nimeutaja mwanzoni, ulizaliwa chini ya mwenye mali wa Kuwait. Ulimfaa sana mfanyabiashara wa Namanga na Busia, wala sisemi kwamba haukuwa wema. Lakini ulimfaa mwenye hisa pia, maana kampuni kumi na tatu zilizotawanyika huuzika vibaya kuliko mtandao mmoja. Serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilikuja kupunguza bei za simu za mipakani kwa mapatano yao mwaka 2014.

MTC ilijiita Zain mwaka 2007, na mwaka 2008 mabango ya Celtel yalipakwa jina hilo. Mwezi wa Juni 2010 Zain iliuza mitandao yake ya nchi 15 kwa Bharti Airtel ya India, kwa dola bilioni 10.7 pamoja na madeni. Wateja walikuwa yapata milioni 42. Thamani ya mteja mmoja ilikuwa imeshuka hata dola 250 hivi. Mafundi wakapanda tena minarani na rangi mpya. Kenya, ambako mtandao huo ulianza kwa jina la KenCell, ikahesabu majina manne katika miaka kumi.

Lakini hati za mwaka 2001 na 2005 hazikupakwa rangi. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilizinunua tena zile asilimia 35 za TTCL. Mwezi wa Desemba 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba, kwa habari alizopewa, Airtel Tanzania ilikuwa mali ya TTCL, akaamuru uchunguzi. Airtel ilijibu kwamba ilifuata taratibu zote na kupata vibali vyote. Kwa maoni yangu yawezekana kabisa vibali vilikuwapo na hasara pia ilikuwapo, kwa kuwa waliotia sahihi mwaka 2005 walihesabu mali iliyoonekana, na wenzao walihesabu mali itakayokuja. Mwezi wa Januari 2019 yalifikiwa mapatano: hisa za serikali zikapanda kutoka asilimia 40 hadi 49 bila malipo, na Bharti ikabaki na 51. Katikati ya mwaka huo Airtel Africa iliuza hisa zake London na Lagos. Soko lile ambalo Celtel ililikaribia mwaka 2005 likafikiwa na mrithi wake wa pili.

Na minara yenyewe? Mwezi wa Januari 2022 minara yapata 1,400 ya Airtel katika Tanzania ilihamia kwa kampuni ya ubia iliyo chini ya SBA Communications ya Marekani, kwa dola milioni 176 hivi. Airtel ikawa mpangaji juu yake.