Jina na Mwenyewe: Historia ya Makosa ya Uunganishaji katika Maktaba Shirikishi za Programu

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya programu inayounganisha vipande vya msimbo, pamoja na makosa yanayojitokeza inaposhindwa kazi yake, hususani wakati wa kujenga maktaba shirikishi. Hoja yake ni kwamba makosa hayo ni matatizo ya urejeleo: jina limetajwa mahali pamoja, na kinachotajwa kiko mahali pengine au hakipo kabisa. Kila kizazi cha wahandisi kiliahirisha zaidi uamuzi wa kulifunga jina na anwani yake, na kila uahirishaji ulizaa kosa la aina yake. Anayetambua kosa lilizaliwa katika hatua ipi hutambua pia pa kulitafutia dawa.

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayeandika programu kwa lugha ya C au C++ hukutana na makosa ya aina mbili kabla programu yake haijafanya kazi hata mara moja. Ya kwanza hutolewa na kompaila, nayo huonyesha faili, mstari na hata herufi iliyokosewa. Ya pili hutolewa baadaye na programu nyingine ambayo mwanafunzi hakuiita, na pengine hajui kuwa ipo. Hiyo mara nyingi haina la kusema kuhusu sarufi ya msimbo. Husema tu kwamba jina fulani limerejelewa na halijafasiliwa. Mwanafunzi hurudi kwenye maandishi yake, hukagua tahajia, na haoni kosa, kwa sababu mara nyingi kosa halimo humo.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya, ujumbe huo husomwa kwa Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia maneno ya mtumiaji wa ofisini. Maneno ya karakana ya mwandishi wa programu yalibaki kama yalivyokuja. Kinachopotea hapo ni tofauti baina ya vitenzi vitatu ambavyo Kiswahili kinavitenganisha vizuri: kutaja, kutangaza na kufasili. Faili moja hulitaja jina. Faili nyingine hulitangaza, yaani huahidi kwamba lipo na hueleza linatumikaje. Ya tatu hulifasili, yaani huleta msimbo wenyewe. Kompaila huridhika na tangazo. Anayedai fasili ni programu ya kuunganisha peke yake, nayo huidai mwishoni.

Programu hiyo itaitwa hapa kiunganishi, na faili ya msimbo inayotumiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja itaitwa maktaba shirikishi. Mwanasarufi atanung'unika kwamba viunganishi ni "na", "au" na "lakini", na kwamba neno shirikishi lina vitenzi vyake tayari. Kwa kuwa muktadha unatosha kuondoa utata, na avumilie.

2. Kabla ya majina

Kompyuta ya EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilianza kazi mwezi Mei 1949. Maktaba yake ilikuwa maktaba kweli: vipande vya kanda za karatasi zilizotobolewa, vikiwa vimehifadhiwa kabatini, kila kimoja na kazi yake. Mwandishi wa programu alinakili vipande alivyohitaji kwenye kanda yake. Tatizo lilikuwa mahali. Kipande kilichoandikwa kana kwamba kitaanzia nafasi ya 0 kikiwekwa kwenye nafasi ya 120, kila amri inayotaja anwani ya ndani ya kipande inakosea kwa 120. David Wheeler alilitatua jambo hilo mwaka huohuo kwa amri za kuanzishia mashine zilizosoma herufi ya mwisho ya kila amri: herufi moja ilimaanisha anwani iachwe ilivyo, nyingine ilimaanisha iongezewe nafasi ya mwanzo wa kipande. Kazi hiyo ya kusahihisha anwani kwa kujumlisha mwanzo ndiyo inayofanywa na kila kiunganishi hadi leo.

Mwaka 1952 Grace Hopper aliwasilisha mfumo wa A-0 wa mashine ya UNIVAC, akauita kwa kitenzi cha Kiingereza kilichomaanisha kukusanya. Kwa kweli ulikusanya: ulisoma namba za utambulisho, ukachukua vipande husika kutoka kwenye utepe wa sumaku na kuvipanga kuwa programu moja. Kwa hiyo, kompaila ya kwanza kuitwa hivyo ilikaribiana zaidi na kiunganishi cha leo kuliko kompaila ya leo. Katika zama hizo hapakuwa na ujumbe wa jina lisilofasiliwa, kwa kuwa hapakuwa na jina la kukosekana. Namba ikikosewa, mashine ilikwenda pasipostahili na kuendelea na kazi.

3. Herufi sita

Majina yalipokuja, yalikuja mafupi. Neno moja la kumbukumbu ya IBM 704 lilikuwa na biti 36, na herufi moja ilichukua biti 6. Fortran ya mwaka 1957 iliruhusu majina ya herufi sita. Kompaila zilibadilika upesi, lakini kiunganishi kilikuwa mali ya mwenye mfumo endeshi, nacho hakikubadilika kwa ombi la mwandishi wa lugha mpya. Ndiyo maana kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989, katika zama ambazo programu zilikuwa na maelfu ya majina, kiliahidi herufi sita tu kwa majina yanayovuka mpaka wa faili, tena bila kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwa mwandishi wa Kiswahili, sheria hiyo ingekuwa kali: hesabukodi na hesabufaida yote mawili hukatwa kuwa hesabu, na kiunganishi hulalamika kwamba jina moja limefasiliwa mara mbili. Kiwango cha mwaka 1999 kilipandisha idadi hiyo hadi 31.

Mpangilio nao ulikuwa na sheria zake. Katika Unix, kiunganishi kilisoma faili za maktaba tuli mara moja tu, kuanzia kushoto kwenda kulia, na kutoka katika kila maktaba kilichukua vile tu vilivyokwisha kuhitajika. Anayetaja sharti atangulie, anayetajwa afuate. Kwa istilahi za isimu, kiunganishi kilielewa katafora na hakikuelewa anafora. Maktaba ikitangulia kabla ya mwenye kuihitaji, hupitwa, na baadaye majina yake hudaiwa kana kwamba haikuwapo. Toleo la Saba la Unix la mwaka 1979 lilikuwa na programu ya tsort iliyotumika kupanga faili ili sharti hilo litimizwe. Mashine zilipopata kumbukumbu kubwa, sababu ya sheria hiyo ilipungua nguvu. Sheria yenyewe ilibaki. Mpaka leo, anayejenga maktaba shirikishi kutokana na maktaba tuli na kudaiwa jina ambalo ana hakika amelileta, kwanza na atazame mpangilio wa maneno katika amri yake.

4. Jina linalobeba upatanisho

Lugha ya C++ iliruhusu kazi mbili tofauti kuitwa jina moja mradi hoja zake zitofautiane. Kiunganishi hakikujua lolote kuhusu aina za hoja. Bjarne Stroustrup, katika makala yake ya mwaka 1988, alieleza namna ya kukwepa ugumu huo bila kukigusa kiunganishi: kompaila iziandike aina za hoja ndani ya jina lenyewe. Katika utaratibu unaotumika sasa kwenye Linux, kazi jumlisha inayopokea namba nzima mbili huandikwa _Z8jumlishaii. Inayopokea desimali mbili huwa _Z8jumlishadd. Namba 8 ni idadi ya herufi za jina, na herufi za mwisho ni aina za hoja.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuona ajabu. Kitenzi chake hufanya hivyohivyo: katika "walikisoma", mzizi ni mmoja, na viambishi vinaeleza ngeli ya mtenda na ya mtendwa bila nomino zenyewe kuwapo. Kiunganishi kinapolinganisha herufi kwa herufi, kwa hakika kinakagua upatanisho wa kisarufi bila kujua sarufi. Ukaguzi huo una pengo lake: kwa kazi za kawaida, aina ya jibu linalorudishwa haimo katika jina. Faili mbili zinazopatana kuhusu hoja na kuhitilafiana kuhusu jibu huunganishwa bila neno, na hitilafu hudhihirika programu ikiwa kazini.

Kosa linalozaliwa hapa ni la lugha mbili kukutana. Maktaba iliyoandikwa kwa C ina jina jumlisha, tupu, lisilo na viambishi. Programu ya C++ iliyosoma tangazo lake bila kuambiwa kwamba ni la C hutafuta _Z8jumlishaii na hailipati. Ujumbe wa kosa huwa na dalili ambayo wengi huipita: kiunganishi kikilitaja jina pamoja na mabano na aina za hoja ndani yake, aliyelitafuta ni C++. Hapo amri ya nm, inayoorodhesha majina ya faili na kuweka U kwa linalodaiwa na T kwa kazi iliyofasiliwa, humaliza ubishi kwa dakika moja. Dawa ni kulizungushia tangazo maneno extern "C". Mwaka 2015, GCC 5 ilipobadilisha muundo wa ndani wa aina ya matini na kuyawekea majina husika alama ya cxx11, maktaba za zamani na programu mpya zilianza kukosana kwa njia hiyohiyo, ingawa kwa macho msimbo ulikuwa uleule.

5. Maktaba isiyo na makazi

Hadi hapa, kila programu ilibeba nakala yake ya maktaba. Wazo la nakala moja kutumiwa na wote, na jina kufungwa na anwani wakati wa kuitwa tu, lilitekelezwa katika mfumo wa Multics miaka ya 1960. Mwaka 1987 Robert Gingell na wenzake wa Sun Microsystems walieleza namna ya kulileta katika SunOS, nao ndio msingi wa maktaba shirikishi za leo.

Linux ilipita kwanza njia nyingine, na njia hiyo inafundisha. Katika umbo la awali la faili zake, lililoitwa a.out, kila maktaba shirikishi ilipewa anwani maalumu ya kudumu katika kumbukumbu, kama kiwanja chenye hati. Maktaba mbili zikipewa eneo moja, hazingeweza kutumika pamoja. Kwa hiyo ilibidi kuwe na daftari la ugawaji, na mtengenezaji wa maktaba mpya aombe nafasi. Maktaba ikikua kuliko kiwanja chake, ilikuwa matata. Kuanzia mwaka 1995 Linux ilihamia katika umbo la ELF, lililotokana na toleo la nne la System V, ambamo maktaba haina makazi ya kudumu: hupakiwa popote penye nafasi.

Ili hilo liwezekane, msimbo hauwezi kusema "nenda anwani namba fulani". Husema "nenda hatua kadhaa kutoka hapa", na kwa vitu vilivyo nje yake husema "tazama katika jedwali", jedwali ambalo hujazwa wakati wa kupakia. Ni tofauti ya kumwelekeza mgeni kwa namba ya nyumba na kumwambia afike kwa balozi wa mtaa aulize. Kompaila huandika msimbo wa namna hiyo inapopewa alama ya -fPIC.

Kwenye prosesa za biti 32 za Intel, aliyeisahau alama hiyo hakuadhibiwa waziwazi. Kipakiaji kilizisahihisha anwani zote ndani ya msimbo wenyewe, na kurasa zilizosahihishwa zikawa mali ya mchakato mmoja. Maktaba ikabaki shirikishi kwa jina. Prosesa za biti 64 za AMD zilipoingia sokoni mwaka 2003, ustahimilivu huo ulikwisha. Nafasi ya biti 32 iliyoachwa na kompaila hufika baiti 4,294,967,296 tu, na maktaba inaweza kupakiwa mbali kuliko hapo. Kiunganishi hukataa, hutaja uhamishaji wa aina ya R_X86_64_32, na hushauri faili ikompailiwe upya kwa -fPIC.

Ushauri huo ni sahihi, na bado huwapoteza wengi, kwa sababu unatolewa na asiyehusika. Anayeuona huongeza -fPIC kwenye amri ya kuunganisha, huirudia, na hupata kosa lilelile. Anwani fupi ziliandikwa mapema, wakati wa kukompaili. Kiunganishi kinazikuta tu. Ni lazima faili za zamani zifutwe na zikompailiwe upya. Mara nyingi zaidi, mkosaji ni maktaba tuli iliyotengenezwa na mtu mwingine bila alama hiyo, ambayo sasa inatiwa ndani ya maktaba shirikishi. Ujumbe huitaja faili hiyo mwanzoni mwa mstari, na ndiyo inayopaswa kujengwa upya.

6. Jina lisilodaiwa

Uahirishaji ulizaa pia kosa lisilo na ujumbe. Kwa desturi ya ELF, kiunganishi kinapojenga maktaba shirikishi hakidai kila jina. Huchukulia kwamba atakayeitumia ataleta yanayokosekana. Maktaba hujengwa kwa amani, husambazwa, na jina huja kukosekana kwenye kompyuta ya mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Alama ya -z defs hurudisha dai kwa mjenzi. Katika karakana nyingi haitumiki, kwa kuwa anayeiweka ndiye anayeona makosa, na asiyeiweka hayaoni.

Kinyume chake ni jina lenye wenyewe wawili. Kwa miongo kadhaa, kompaila za C katika Unix ziliruhusu faili kadhaa kuandika "int idadi;" nje ya kazi, na kiunganishi kikaziyeyusha zote kuwa kitu kimoja. Waandishi wengi waliuweka mstari huo katika faili ya matangazo wakidhani wametangaza, kumbe kila faili iliyoisoma ilikuwa inafasili. GCC 10, iliyotoka mwaka 2020, iliondoa uvumilivu huo kuwa desturi. Programu zilizokuwa zikijengwa bila tatizo kwa miaka mingi zilikataliwa kwa kosa la jina kufasiliwa mara nyingi, bila herufi moja ya msimbo wake kubadilika. Marekebisho yalikuwa neno moja, extern, katika faili ya matangazo, na fasili moja katika faili iliyostahili kuwa nayo. Wasiokuwa na muda walirudisha desturi ya zamani kwa alama ya -fcommon.