Kisima cha Nyumbani, Utakaso wa Maji ya

Utakaso wa maji ya kisima ni amali ya kuua vijidudu vya maradhi vilivyoingia kisimani kutoka choo kilicho jirani, mafuriko ya mvua, au ndoo na kamba zilizoburutwa ardhini. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambako visima vilichimbwa ndani ya nyua, na jiwe la matumbawe hupitisha maji taka upesi pasina kuyachuja, hatari hii ni ya tangu zamani. Tabibu James Christie, aliyeshuhudia huko kipindupindu cha 1869 na 1870, maradhi yaenezwayo na maji machafu, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka 1876.

Kwanza tope huzolewa na nyufa za ukuta huzibwa, na kazi hii, ijapokuwa ni nzito, haifai kurukwa, kwani uchafu huila nguvu ya dawa. Kisha, kwa kila lita 1,000 za maji yaliyomo, hupimwa gramu 75 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, ukakorogwa katika ndoo ya plastiki iliyokwisha kujazwa maji, na maji yale yakamiminwa kuzunguka kuta zote. Kisima hufunikwa usiku kucha. Asubuhi maji huchotwa na kumwagwa hata harufu kali iondoke.

Klorini haiondoi chumvi wala naitreti, na madhali choo kingali karibu, vijidudu hurejea upesi. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote dakika 1 kamili, kisha yawekwe katika mtungi wenye kifuniko, yakichotwa kwa kata yenye mpini mrefu ili mkono usiyaguse.