Mrejesho: kinachoitenganisha roboti ya kuchezea na roboti msaidizi

Mwaka 1984 kampuni ya Tomy ya Japani iliingiza sokoni roboti ya kuchezea iliyoitwa Omnibot. Ilikuwa na mwili wa plastiki, magurudumu chini, sinia la kubebea vinywaji mbele na deki ya kaseti kifuani. Mtoto aliiendesha kwa rimoti, na akitaka alirekodi amri zake kwenye kanda: nenda mbele, pinda kushoto, simama. Kanda ikichezwa upya, roboti ilirudia safari ileile bila mtu kushika rimoti. Ilikuwa na saa pia, kwa hiyo iliwezekana kuitegesha ianze kazi kwa wakati uliopangwa.

Leo wapenzi wa elektroniki katika nchi nyingi huzitafuta roboti hizo kuukuu, wakazifungua na kuzipa kazi halisi ya nyumbani: kukumbusha saa ya dawa, kuwasha taa kwa sauti, kubeba kikombe kutoka jikoni hadi sebuleni. Ukiifungua moja utakuta betri ya volti 6 iliyokufa zamani na mikanda ya mpira ya deki iliyoyeyuka ikawa kama lami. Mota na giya zake, kwa kawaida, bado ni nzima. Fundi huliacha umbo la nje, huzibakiza mota, kisha badala ya saketi ya zamani huweka kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012.

Wengi hukimbilia sauti kwanza. Wanataka roboti iongee. Naona hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu pengo kubwa la Omnibot halikuwa sauti. Ilikosa kile ambacho Kiingereza hukiita feedback na sisi tunakiita mrejesho.

Kanda ile iliamuru tu. Iliiambia mota izunguke kwa sekunde kadhaa, na sekunde zikiisha amri nyingine ilifuata, iwe roboti imefika au imekwama kwenye zulia. Betri ikipungua nguvu, safari ilikuwa fupi. Gurudumu moja likiteleza, mwelekeo ulipotea. Kosa la nyuzi 2 tu wakati wa kupinda humaanisha kwamba baada ya mita 3 roboti imeacha njia yake kwa takriban sentimita 10, na hizo zinatosha kuifikisha kwenye mguu wa meza badala ya mlangoni. Roboti yenyewe haikuwa na njia ya kulijua hilo.

Mrejesho ni taarifa ya matokeo ya tendo inayorudishwa kwa mtendaji ili tendo linalofuata lirekebishwe. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayobeba uzito. Roboti inaweza kujazwa vihisi mwili mzima, lakini kama vipimo vyake vinaishia kwenye skrini na havigusi mwendo wa magurudumu, hapo pana kipimo na hakuna mrejesho. (Nasema kihisi kwa makusudi. Wapo wanaoandika sensa, lakini sensa kwetu ni kuhesabu watu, na fundi hana haja ya kumchanganya msomaji.)

Neno lenyewe limeundwa kwa njia iliyozoeleka. Kitenzi ni rejea, kikanyambulishwa kuwa rejesha, kisha kikapewa m- mwanzoni na -o mwishoni, kama kopa ilivyozaa mkopo na tega ikazaa mtego. Wingi wake ni mirejesho. Kulifasiri neno la Kiingereza kipande kwa kipande kungetuletea kitu kama mlisho wa nyuma, ambacho hakimwambii msomaji lolote. Mwitiko nalo halitoshi: mwitiko ni jinsi chombo kinavyojibu kikiguswa, na jibu laweza kutoka bila kurudi kusahihisha chochote. Rejesha ina faida ya kuonyesha kwamba kuna kitu kimetoka, na sehemu yake inarudi kilipotoka. Njia hiyo ya kwenda na kurudi tunaiita kitanzi. Omnibot ya 1984 ilifanya kazi kwa kitanzi wazi. Roboti msaidizi inahitaji kitanzi funge.

Jambo hili si geni. James Watt alilifunga kwenye injini zake za mvuke mwaka 1788 kwa vyuma viwili vinavyozunguka: kasi ikizidi, vyuma hutanuka na kuubana mvuke. Mwaka 1948 Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha kitabu Cybernetics, akionyesha kwamba kanuni hiyohiyo inaendesha mashine na miili ya viumbe.

Turudi kwenye magurudumu. Fundi hufunga kwenye kila gurudumu kisahani chenye matundu, na pembeni yake taa ndogo na kihisi cha mwanga. Kila tundu likipita, kompyuta inahesabu moja. Chombo hiki huitwa enkoda. Chukua gurudumu la kawaida la milimita 65: mzingo wake ni kama milimita 204, na kisahani chenye matundu 20 kinakupa hesabu moja kwa kila sentimita moja hivi. Sasa programu inauliza swali ambalo kanda haikuuliza kamwe: tumefika wapi? Ikiona gurudumu la kushoto limehesabu 50 na la kulia 46, inapunguza umeme wa kushoto mpaka mawili hayo yalingane. Hilo ndilo tendo zima la mrejesho, nalo hutokea mara nyingi katika kila sekunde.

Kwa vizuizi, kihisi cha bei nafuu aina ya HC-SR04 hutuma sauti ya kilohezi 40, ambayo sikio la mtu halisikii, na kupima muda wa mwangwi. Kila sentimita ya umbali hugharimu mikrosekunde 58 hivi, kwenda na kurudi. Angalizo: waya wake wa mwangwi hutoa volti 5, na pini za Raspberry Pi hazivumilii zaidi ya 3.3, kwa hiyo weka vikinzani viwili vya kugawa volti. Vilevile epuka kuendesha mota kwa saketi ya L298N inayouzwa kila mahali. Hiyo humeza volti 2 hivi, yaani theluthi ya betri ya volti 6. TB6612FNG inafaa zaidi.

Penye utata ni kwenye sifa za neno. Katika semina na maofisini, mrejesho chanya ni sifa na mrejesho hasi ni lawama. Katika uhandisi ni kinyume chake. Mrejesho hasi ndio unaotakiwa: kosa likizidi upande huu, marekebisho yanavuta upande ule. Mrejesho chanya hulikuza kosa, kama maikrofoni inaposogezwa karibu na spika ukumbini na mlio mkali ukawatoboa watu masikio. Roboti yenye maikrofoni na spika katika kiwiliwili kimoja inalijua tatizo la namna hiyo: inaongea, inajisikia, inadhani imeamriwa, inajijibu. Dawa yake ni kuifunga maikrofoni kila roboti inapozungumza. Wapo watakaotaka tubadilishe sifa hizi ili tuondoe utata, nami siafiki. Hasi na chanya ni alama za hesabu kabla hazijawa hukumu za tabia, na mhandisi anazitumia kwa maana hiyo ya awali.

Sauti nayo, ikifika zamu yake, ina mrejesho wake. Mtu akiitwa huitika: naam, abee. Asipoitika, aliyemwita hajui kama amesikika, ataita tena au atanyanyuka. Roboti iliyoambiwa izime taa nayo inapaswa kuitika, kisha kusema kama kweli taa imezimika. Kuitamkisha Kiswahili si kazi kubwa tena: programu huria ya eSpeak NG ina Kiswahili, na nyingine, Piper, ina sauti ya Kiswahili cha Kongo.

Kwa waandishi na wafasiri nina ombi moja. Maoni ya wateja na wasomaji tuyaite maoni, kwa kuwa neno lipo na linatosha. Mrejesho tuutunze kwa taarifa inayorudi kusahihisha tendo. Na wewe uliye na roboti kuukuu stoo na unataka kuifufua, nunua enkoda kabla ya maikrofoni.