Mche Mmoja Uliovuka Baridi

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Mawaridi mengi ya bustanini yana kromosomu 28, ila jamaa zao wengi wa porini wana 14 tu. Ukiyachavusha pamoja, kila mzazi hutoa nusu yake: 14 huku, 7 kule. Chotara anapata 21. Anaweza kuchanua vizuri tu, lakini ukifika wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kasheshe inaanza. Kromosomu zinatakiwa kujipanga mbili mbili, na hapa 7 hazina wenza. Ndiyo maana chotara wa aina hii wengi huzaa kwa taabu, au hawazai kabisa.

Sasa utauliza, kwa nini watu wajisumbue? Jibu ni baridi. Waridi la mwitu la Asia Mashariki, Rosa rugosa, huvumilia baridi inayoua mawaridi mengi ya bustanini.

Huko Ujerumani, Wilhelm Kordes aliutamani ugumu huo. Alikuwa na waridi kutoka Marekani liitwalo 'Max Graf', chotara wa rugosa na Rosa wichurana. Wazazi wote wana 14, kwa hiyo namba ililingana. Lakini namba kulingana si kufahamiana: kromosomu za spishi hizi mbili hazikuoana vizuri, na 'Max Graf' likawa karibu tasa kabisa.

Kordes alisubiri miaka. Mnamo 1940 hivi, akapata miche michache sana, na mmoja ukavuka majira ya baridi ukiwa hai. Na huu ulizaa! Kromosomu zake zilipohesabiwa, zilikuwa 28. Bila mtu kuziagiza, zilikuwa zimejidufu, kila moja ikapata pacha wa kuoana naye. Juu ya hapo, namba ikawa sawa na ya mawaridi ya bustanini. Mlango uliofungwa ukafunguka.

Mwaka 1951 mmea huo ulipewa jina rasmi, Rosa kordesii. Kutoka kwake Kordes alipata 'Dortmund', waridi jekundu linalotambaa, na kule Kanada Felicitas Svejda akautumia kuzalisha 'John Cabot' na 'William Baffin', yanayohimili baridi kali ya nchi ile.

Kwa hiyo ukiambiwa chotara fulani ni tasa, usimkatie tamaa haraka. Uliza kwanza: kromosomu zake zina wenza?