Ukipewa Figo Mpya, Masoja wa Mwili Hulazwa: Rada ya Saratani Baada ya Upandikizaji

Wasee wa Mwatate, story ya figo mnaijua. Mtu anapanda matatu ya Voi, anasafishwa damu pale Hospitali ya Rufaa ya Moi, anarudi jioni amechoka mbaya. Familia ikichanga doo za upandikizaji, safari inakuwa ya Nairobi ama Eldoret. Kitu chenye hakitajwi sana kwa harambee ni hiki: figo mpya inabadilisha vile mwili wako unapigana na saratani.

Iko hivi. Kinga ya mwili ni masoja. Kuna wale wanaitwa seli T, kazi yao ni kucheki kila seli kama ni ya hapo nyumbani. Seli ikianza kugeuka saratani, mara nyingi wanaimaliza kabla hata hujajua. Lakini masoja haohao wakiona figo ya brathako, kwao huyo ni mgeni wa kufukuzwa. Ndio maana unapewa dawa za kuwatuliza, kama takrolimasi na prednisoloni, na zingine utazimeza siku zote hiyo figo inafanya kazi. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu, Boston 1954, uliepuka hii noma juu ulikuwa wa mapacha wa kufanana. Masoja hawakuona tofauti.

Sasa soja akilala, si figo peke yake inapita geti. Watafiti wa Marekani walifuatilia upandikizaji zaidi ya 175,000 wa kati ya 1987 na 2008, wakapata waliopandikizwa wanashikwa na saratani kama mara 2 ya watu wengine. Zenye zinaruka juu sana ni zile zinasukumwa na virusi: limfoma, yenye mara nyingi huletwa na virusi vya Epstein-Barr, na saratani ya Kaposi, yenye huletwa na HHV-8.

Hiyo ya Kaposi ni ya kwetu kabisa. HHV-8 iko kwa watu wengi Afrika Mashariki, imekaa kimya tu, na Uganda walikuwa wanaona hii saratani hata kabla Ukimwi ujulikane. Kwa ngozi yetu huanza kama madoa ya zambarau ama meusi, sana sana miguuni. Hayaumi mwanzoni, so mtu anadhani ni mbu. Ukiwa na figo ya kupandikizwa, doa kama hilo ama uvimbe shingoni lazima daktari aone, hata kama vipimo vya figo viko fiti.

Kuna kesi moja Marekani, iliandikwa 1968. Mgonjwa alipewa figo ya mtu mwenye saratani ya mapafu, na bila kujua seli mbaya zikaingia nayo. Saratani ikakua. Madaktari wakasimamisha dawa, masoja wakaamka, figo ikakataliwa na saratani ikaisha nayo. Lakini cheki: hiyo saratani ilikuwa ya mtu mwingine, kwa hivyo ilitambuliwa haraka. Yako mwenyewe inajua kujificha. Ukiacha vidonge kivyako, ama juu ganji imeisha, kitu cha kwanza utapoteza ni figo, kisha unarudi kwa mashine Voi.

Daktari ana njia poa zaidi. Anaweza kupunguza dozi polepole, ama abadilishe dawa. Italia, wagonjwa 15 wa figo wenye Kaposi walihamishwa kwa sirolimasi. Ripoti ya 2005 inasema madoa yaliisha kwa wote ndani ya miezi 3, na figo zikabaki.

Halafu kuna zile dawa mpya za saratani zenye huamsha masoja. Kwa wengi ni baraka. Kwako, masoja wakiamka wanaweza kuvamia figo pia. Kwa hivyo ukifika kliniki ya saratani, sema mapema una figo ya kupandikizwa, hata kama uliwekewa miaka 10 iliyopita.